Pumzi ya Mtoto Njiti: Mashine ya Mapovu ya Malawi

Wako wengi miongoni mwetu waliopata kuzika mtoto wa siku mbili. Mama alishikwa na uchungu mwezi wa saba, pengine akiwa bado shambani au kwenye mashine kiwandani. Mtoto akazaliwa mdogo, wa kuenea katika viganja viwili, akalia, na wazee wakashukuru. Jioni akaanza kuguna na kuvuta pumzi kwa taabu. Alfajiri ya pili akafariki. Watu wakasema siku zake zilikuwa hazijatimia, wakatawanyika, na mama akarudi kazini kabla maziwa hayajamkauka.

Makala haya yanaeleza kilichomwua mtoto yule, na namna wenzetu wa Malawi, ambao si matajiri kutushinda, walivyopata njia ya kuwaokoa wengi wa aina yake kwa kutumia pampu ndogo, mipira na chupa ya maji. Tumeichagua Malawi kwa sababu mbili. Kwanza, makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kuwa katika nchi ile watoto 18 kati ya kila 100 walizaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Hakuna nchi nyingine katika orodha ile iliyokuwa na kiwango kikubwa hivyo. Pili, hospitali iliyofanya kazi hii iko Blantyre, na si mbali na Blantyre ndiko yaliko mashamba makubwa ya chai ya Thyolo na Mulanje. Mchumaji wa kule hubeba kikapu kile kile kinachobebwa na mchumaji wa Rungwe au wa Kericho.

Mapafu yanayonata

Ndani ya mapafu ya mtu mna vifuko vya hewa, vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Mtoto akiwa tumboni vifuko hivyo vimejaa maji, wala havina kazi, kwa sababu oksijeni anaipata katika damu ya mama kwa njia ya kondo na kitovu. Siku anapozaliwa, kitovu hukatwa, na mapafu yanatakiwa yaanze kazi papo hapo.

Sasa, kitu chembamba kilicholowa hunata. Chukua mfuko wa plastiki, uloweshe ndani, ubane kwa kiganja, kisha ujaribu kuutenganisha pande zake. Ndivyo zilivyo kuta za vifuko vya hewa. Mwili umejiwekea dawa yake: mapafu hutengeneza namna ya mafuta mepesi, waganga huyaita safaktanti, ambayo hutanda ndani ya kila kifuko na kuzuia kuta zisinatane, karibu kama sabuni inavyoyalegeza maji. Lakini mafuta hayo hayatoshi mpaka mimba ifikie kama wiki ya 34 au 35. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 anayo kidogo sana.

Matokeo yake ni haya. Kila aliyepata kumpulizia mtoto puto anajua kwamba pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Mashavu yanauma, puto halitaki. Likishaingia hewa kidogo, zinazofuata ni rahisi. Mapafu yetu sisi watu wazima hayaishiwi hewa kabisa. Tunapotoa pumzi hubaki akiba inayoviweka vifuko wazi, kwa hiyo kila pumzi yetu ni kama ile ya pili ya puto. Mtoto njiti asiye na mafuta yale hana akiba. Akitoa pumzi, vifuko hufunga na kunata. Akivuta tena, anaanza upya na ile ngumu. Hufanya hivyo mara 60, 70, 80 kwa dakika, mchana na usiku, kwa mbavu laini kama nyuzi na bila chakula tumboni. Kwa kawaida huanza kuchoka siku ile ile aliyozaliwa, na hali huzidi kuwa mbaya kwa siku mbili tatu. Ndiyo maana mtoto aliyelia vizuri leo anaweza kufa kesho kutwa, na watu wakadhani amerogwa.

Dalili zake mama yeyote anaweza kuziona bila kipimo. Mtoto anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika. Pua zinatanuka kila anapovuta. Ngozi ya katikati ya mbavu na chini ya kifua inaingia ndani. Midomo na ulimi vinageuka rangi ya samawati. Na kuna ile sauti ya kuguna kila anapotoa pumzi. Sauti hiyo wengi huidhani ni kilio cha uchovu au tumbo. Sivyo. Mtoto anaubana koo wake mwenyewe ili hewa isitoke yote, apate kubakiza kidogo ndani. Yaani anajitengenezea akiba kwa nguvu zake. Anayeguna ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, si wa kungojewa kupambazuke.

Wapo wazee wasemao kwamba mtoto wa miezi saba hupona kuliko wa miezi minane. Twawaheshimu wazee, lakini katika hili si kweli. Kila wiki inayoongezeka tumboni humwongezea mtoto mafuta ya mapafu.

Mtoto wa rais

Mtu asidhani kwamba jambo hili linawapata maskini peke yao. Tarehe 7 Agosti 1963 mkewe Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya siku zake. Alikuwa na uzito wa kilo 2 na gramu 100 hivi, si mdogo wa kutisha. Alipelekwa Boston kwa madaktari bingwa, akawekwa hata katika chumba cha chuma chenye hewa ya oksijeni iliyoshindiliwa. Tarehe 9 Agosti akafa, akiwa na umri wa saa 39. Katika mji huo huo wa Boston, miaka minne nyuma, mwaka 1959, daktari Mary Ellen Avery na mwenziwe Jere Mead walikuwa wametangaza sababu: mapafu ya watoto wanaokufa hivyo hayana safaktanti ya kutosha. Sababu ilijulikana, tiba haikuwepo. Leo hii mtoto wa uzito ule hupona karibu bila shaka katika hospitali yenye vifaa vya kawaida.

Oksijeni peke yake haikutosha, na ikizidi ni sumu. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 huko Marekani na Ulaya watoto njiti walimwagiwa oksijeni nyingi bila kipimo, na maelfu wakapofuka, kwa sababu oksijeni iliyozidi huharibu mishipa ya damu nyuma ya jicho changa. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa kabla ya siku zake mwaka 1950, ni mmoja wa waliopofuka. Kwa hiyo muuguzi akikataa kuifungua mitungi mpaka mwisho huku baba amesimama mlangoni akimlaumu, muuguzi ndiye mwenye haki. Hutumia kipimo kidogo kinachofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto, naye huongeza na kupunguza kwa kufuata namba.

Njia iliyofaa iligunduliwa San Francisco. Daktari George Gregory na wenzake walijiuliza: kama mtoto anaguna ili abakize hewa, kwa nini sisi tusimfanyie kazi hiyo? Wakampelekea hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, wa kutosha tu kuvizuia vifuko visifunge. Mtoto anaendelea kupumua mwenyewe. Msukumo ni kama kigingi cha mlango. Mwaka 1971 walitoa taarifa ya watoto 20 waliotibiwa hivyo, na 16 kati yao walipona. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu.

Chupa ya maji

Wafanyakazi wa viwandani watauelewa upesi huu ufundi, pengine kuliko sisi tunaouandika. Msukumo wa hewa unaweza kupimwa kwa kina cha maji. Ukitumbukiza mpira ndani ya maji kwa kina cha sentimita 6 na kupuliza, hewa haitatoka mpaka msukumo wako ushinde uzito wa zile sentimita 6. Ukishinda, mapovu yanatoka. Ukiutumbukiza sentimita 8, unatakiwa kupuliza zaidi.

Basi mashine ya mapovu ni hivi. Pampu inavuta hewa ya chumbani. Hewa hiyo inachanganywa na oksijeni kwa kadiri inayotakiwa na kupita katika mpira mpaka kwenye pua za mtoto, ambako kuna vijiti viwili laini vyenye tundu vinavyoziba pua sawasawa. Mpira wa pili unatoka hapo puani na kwenda kuishia ndani ya chupa ya maji, kwa kawaida kina cha sentimita 5 mpaka 8. Kwa kuwa hewa haina njia nyingine ya kutokea, msukumo wa zile sentimita hubaki muda wote katika pua, koo na mapafu ya mtoto. Mtoto huvalishwa kofia inayoishika mipira isiteleze, na hupitishwa kijimpira chembamba mpaka tumboni ili hewa iliyomezwa ipate pa kutokea.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba inajisemea. Mapovu yakitoka, msukumo upo. Mapovu yakinyamaza, kuna mahali hewa inavuja: kijiti kimechomoka, mpira umepinda, au mtoto amefungua kinywa. Muuguzi aliyeko upande wa pili wa wodi anajua kwa sikio, kama fundi anavyojua kwa sikio kwamba mkanda wa mashine umelegea.

Mashine za namna hii zilikuwepo katika nchi za kitajiri kwa miaka mingi, lakini ile ya kununua iliuzwa karibu dola 6,000 za Marekani. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walishirikiana na madaktari wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ya Blantyre kutengeneza nyingine. Walitumia pampu za aina ile inayopuliza hewa katika matangi ya samaki wa mapambo. Vifaa vyake vilihesabiwa takriban dola 350. (Gharama ya vifaa si bei ya dukani, kama tujuavyo sote tunaotengeneza vitu tusivyoweza kuvinunua, lakini tofauti bado ni kubwa.) Ikapewa jina la Kichewa, Pumani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: kupuma kwao ni kupumua kwetu, na ni kupumzika pia.

Mwaka 2012, kuanzia Januari hadi Oktoba, hospitali ile ilipima kazi ya mashine hiyo. Taarifa iliyoandikwa na daktari Kondwani Kawaza na wenzake ilitolewa mwaka 2014. Kati ya watoto wachanga 62 waliotibiwa kwa mashine walipona 44, yaani 71 katika kila 100. Kati ya 25 waliopewa oksijeni ya puani tu walipona 11, yaani 44 katika kila 100. Kwa wale wadogo zaidi, wa uzito kati ya kilo moja na kilo moja na nusu, tofauti ilikuwa kubwa mno: walipona 65 katika kila 100 kwa mashine, na 15 tu kwa oksijeni peke yake.

Tuseme kweli yote. Watoto hawakugawanywa kwa kura. Mashine zilikuwa chache, na mtoto aliyekuta zimejaa ndiye aliyepewa oksijeni. Mtaalamu mkali anaweza kuuliza maswali juu ya hesabu hiyo. Lakini hata mkali huyo hatapuuza tofauti ya namna hii, na serikali ya Malawi haikuipuuza. Katika miaka iliyofuata mashine zilipelekwa katika hospitali za serikali za wilaya na za rufaa nchi nzima, na wauguzi wakafundishwa kuzitumia. Tangu mwaka 2019 mpango wa NEST360 umekuwa ukifanya kazi kama hiyo, pamoja na vifaa vingine vya watoto wachanga, katika hospitali za Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria.

Mashine haina mikono

Hapa ndipo penye jambo ambalo chama cha wafanyakazi hakina budi kulisema kwa sauti. Katika wilaya ya Salima, huko huko Malawi, mashine za mapovu zilijaribiwa kuanzia mwaka 2015 hadi 2018 kwa watoto wakubwa kidogo, wa mwezi mmoja hadi miaka mitano, wenye homa kali ya mapafu pamoja na ukimwi, utapiamlo au upungufu mkubwa wa oksijeni. Waliotumia mashine walikufa 53 kati ya 321. Waliotumia oksijeni ya kawaida walikufa 35 kati ya 323. Mashine haikusaidia, huenda hata ilidhuru. Ugonjwa ulikuwa mwingine na watoto walikuwa wengine, kwa hiyo habari hii haifuti ile ya Blantyre. Lakini katika hospitali ile ya wilaya mashine zilitumika bila daktari kuwepo kila siku kuwaangalia watoto wale, na hilo linatufundisha kwamba kifaa kilichookoa watu penye mabingwa hakiwezi kusafirishwa peke yake ndani ya sanduku.

Mtoto njiti kwenye mashine anahitaji mtu. Vijiti vikikaa vibaya vinatoboa ngozi ya pua. Maji katika chupa yakipungua, msukumo unapungua. Makamasi yakiziba, hewa haipiti. Mtoto huangaliwa kila mara, usiku kama mchana. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima zamu ya usiku, mashine itatoa mapovu na mtoto atakufa vile vile. Muuguzi ni mfanyakazi mwenzetu, na madai yake ya kuongezewa wenzake kwenye zamu ni madai ya watoto wetu pia.

Anahitaji umeme vilevile. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na Malawi ikapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake za umeme. Pampu isiyo na umeme ni kopo. Hospitali yenye mashine hizi bila jenereta na mafuta yake inadanganya watu.

Na anahitaji joto. Ukiacha pumzi, hakuna kinachomwua njiti kwa haraka kama baridi. Hana shahamu, ngozi yake ni nyembamba, na anapopoa hutumia oksijeni nyingi zaidi ile ile asiyoweza kuivuta. Katika hospitali za Malawi waliona wazi kwamba watoto waliofika wakiwa na joto la kawaida walipona zaidi kuliko waliofika wamepoa, hata kwa mashine ile ile. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mtoto anayepakiwa nyuma ya pikipiki usiku wa Julai huko Mulanje, amefungwa kanga iliyolowa, amekwisha kushindwa kabla hajafika mlangoni.

Kwa joto tiba ipo, na haiuzwi. Mkaushe mtoto mara anapozaliwa, mvalishe kofia na soksi, umweke uchi kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili. Njia hii ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati hospitali ilipokuwa haina mashine za kutosha za kuwatia watoto joto. Malawi iliianza katika hospitali ya Zomba mwaka 1999. Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto asubiri mpaka apumue vizuri ndipo apewe mama. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021, yaliyofanywa Malawi, Tanzania, Ghana, Nigeria na India, yalipindua mawazo hayo: watoto wadogo waliowekwa kifuani tangu mwanzo walikufa 12 katika kila 100, na waliosubirishwa karibu 16. Baba pia ana kifua. Mama akiwa amepasuliwa au hajiwezi, baba avue shati.

Sindano kabla ya kuzaliwa, na jani la chai

Mapafu ya mtoto yanaweza kukomazwa hata kabla hajatoka. Huko Auckland, New Zealand, madaktari Liggins na Howie walionyesha mwaka 1972 kwamba sindano za dawa jamii ya steroidi kwa mama aliyeshikwa na uchungu mapema humsukuma mtoto atengeneze mafuta ya mapafu. Dawa inayotumika katika nchi zetu ni deksamethazoni, ya bei ndogo. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililotangazwa mwaka 2020, Kenya ikiwemo, lilionyesha kwamba kwa kila akina mama 25 waliochomwa, mtoto mmoja zaidi aliokolewa. Lakini si sindano ya kuchomwa dukani. Jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2015, lilieneza sindano hizo mpaka kwenye zahanati ambako umri wa mimba haukujulikana sawasawa na mtoto hakuwa na pa kutunzwa, na vifo vya watoto vikaongezeka. Inatakiwa hospitali inayojua wiki za mimba, inayoweza kugundua maambukizo ya mama, na yenye wodi ya kumpokea mtoto. Na inatakiwa muda: dawa hutaka saa kadhaa ifanye kazi. Mama akifika mtoto anachungulia, sindano haina faida kubwa.

Nchi zenye fedha humtia mtoto safaktanti yenyewe katika njia ya pumzi, iliyotengenezwa kwa mapafu ya ng'ombe au nguruwe. Daktari Fujiwara wa Japani na wenzake ndio waliofungua njia hiyo mwaka 1980. Ni dawa nzuri, ni ghali, na inataka mkono wa mtaalamu.

Kuna taabu nyingine ya pumzi ambayo si ya mapafu bali ya ubongo. Njiti husahau kupumua. Analala vizuri, kisha pumzi inakatika kwa sekunde 20 au zaidi, anageuka rangi. Tiba yake itawafurahisha wachumaji wa chai: ni kafeini, ile ile inayotuamsha asubuhi, au ndugu yake aminofilini, inayotokana na thiofilini, ambayo mwanasayansi Albrecht Kossel aliipata ndani ya majani ya chai mwaka 1888. Dawa hizo huamsha sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi. Hupimwa kwa miligramu na kutolewa hospitali tu. Tunaonya kwa nguvu: mtoto mchanga asipewe chai wala kahawa, hata tone. Huweza kumdhuru.

Kutoka kambini hadi wodini

Yote haya hayamsaidii mama aliyeko kambi ya mwisho ya shamba, saa nane za usiku, kilomita 40 kutoka hospitali. Kwa hiyo matawi yetu yanapokaa kuandaa mkataba wa hali bora, yasiishie kwenye mshahara na buti za mvua.

La kwanza ni gari. Shamba lenye trekta na malori ya kupeleka majani kiwandani kabla hayajaharibika lina uwezo wa kupeleka mama hospitali kabla mtoto hajapoa. Iandikwe ni gari gani, dereva nani wa zamu ya usiku, ufunguo unakaa kwa nani. Tumeona mikataba inayosema "mwajiri atasaidia usafiri" na hakuna zaidi. Usiku wa kuhitajiwa, mwenye ufunguo yuko harusini.

La pili ni zahanati ya shamba. Mkunga wake awe amefundishwa kumsaidia mtoto asiyevuta pumzi katika dakika ya kwanza, kwa mfuko wa kupulizia na kifuniko cha uso vya ukubwa wa mtoto mchanga. Katika hospitali nane za Tanzania zilizofundisha wakunga kazi hiyo, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu nusu, kwa taarifa ya mwaka 2013. Mfuko huo hutumika tena na tena kwa miaka ukisafishwa vizuri.

La tatu ni kuzuia. Malaria ya mama hudhoofisha kondo na kuleta uchungu wa mapema; Malawi ilianza kuwapa wajawazito wote dawa ya kinga mwaka 1993, ya kwanza katika sehemu hizi za Afrika. Mama apewe ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa siku. Kusimama kwa saa nyingi, kunyanyua mizigo mizito na zamu za usiku vimeonekana kuhusiana na kuzaa kabla ya wakati, kwa hiyo mjamzito abadilishiwe kazi, na nyapara asiichukue kama fadhila yake.

La nne, likizo. Fanyeni hesabu hii katika mkutano wa tawi. Sheria ya Kazi ya Malawi ya mwaka 2000 iliweka likizo ya uzazi ya angalau wiki nane zenye mshahara. Mtoto akizaliwa wiki ya 30, wiki nane zinamalizika akiwa na umri wa wiki 38, yaani wiki mbili kabla ya siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Pengine bado yumo kifuani mwa mama katika wodi ya njiti, na mama anatakiwa shambani na kikapu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kwamba likizo na haki za wazazi zikidhi mahitaji maalumu ya wazazi wa njiti. Tanzania, ambayo sheria yake ya mwaka 2004 ilitoa siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja, ilirekebisha sheria mwaka 2025 ili mama wa njiti aongezewe muda juu ya likizo yake ya kawaida. Sheria ikiwa kimya, mkataba wa hali bora unaweza kusema, na maneno yanayotakiwa ni machache: likizo ianze kuhesabiwa siku mtoto alipotarajiwa kuzaliwa, na wiki zote za kabla ya hapo zilipwe mshahara kamili.